Moto Ulioanzisha Mtaa

Kila wakichoma nyasi hapa mtaani kwetu, pembeni mwa Kasulu, ule moshi unanirudishia bibi yangu. Watu husema mtaa huu ulianza kwa kamba na vigingi vya kupimia viwanja. Waongo.

Ulianza asubuhi ile mgambo walipotufuata kule mashambani kutuhamishia hapa.

"Bibi, tugawie moto," mmoja wao alisema, kwa adabu kabisa.

Kwetu mtu hanyimwi moto. Bibi akachomoa kijinga kinachowaka mafigani, akampa kwa mikono miwili. Yule kijana akakichomeka kwenye paa letu la nyasi.

"Nilidhani anataka kuwasha kiko," bibi alirudia njia nzima.

Leo jirani kaja kuomba moto. Nimemwambia wangu umezima, na sufuria inachemka nyuma yangu.