Programu Huria Niliyoitia Kufuli

Siku hiyo naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilisimamishwa mbele ya wauguzi wa zahanati moja ndogo huko Msambweni, nikaambiwa nisome kwa sauti maandishi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaficha.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na nne, nimetoka kusomea kompyuta, na pale Ukunda nilikokuwa nikiishi hawakuwa wengi waliojua nilichokijua. Kichwa kikavimba. Bi Mwanakombo, muuguzi mkuu wa zahanati hiyo, mama mpole ila hana mchezo na kazi, akaniomba nimtafutie programu ya kuweka kumbukumbu za watoto, imwonyeshe kila mtoto arudi lini kuchanjwa. Nikaipata mtandaoni. Ilikuwa programu huria, imeandikwa na watu nisiojua hata nchi zao. Waliitoa pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo fundi huyasoma na kuyarekebisha, na pamoja na leseni ya kurasa chache. Leseni ilisema: itumie upendavyo, ifungue, ibadilishe, mpe mwenzio. Ila ukimpa, mpe na msimbo, na haki hizi hizi ulizopewa wewe, na majina ya walioiandika usiyafute.

Miye nikayafuta.

Niliifasiri kwa Kiswahili wiki sita nzima, na ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Kisha nikaandika jina langu peke yake kwenye ukurasa wa mbele, leseni nikaitoa, msimbo nikabaki nao. Zahanati nikawapa kitu kilichofungwa, cha kubofya tu.

"Na siku ikitusumbua, mwanangu?" aliniuliza Bi Mwanakombo.

"Mtaniita mimi."

Nilipenda kuwa mtu wa kuitwa, usinicheke. Baada ya miezi michache nikapata kazi Nairobi, nikabadilisha namba ya simu, wala sikukumbuka kuwapa mpya.

Kumbe nilipokuwa nikifasiri nilikuwa nimeigusa sehemu inayohesabu tarehe, nikaiharibu. Watoto waliozaliwa mwishoni mwa mwezi, tarehe yao ya kurudi ikawa inasogea mbele mwezi mzima. Ilijulikana siku mama mmoja alipovuka maji kutoka Funzi na kichanga chake, amefika siku ile ile iliyotolewa na programu na kuandikwa kwenye kadi, akaambiwa amechelewa mwezi. Alilia, akidhani analaumiwa. Wauguzi walipotazama kadi nyingine, wakaona si yeye peke yake.

Wakanipigia, namba haipatikani. Wakamwita Mwalimu Juma, mwalimu wa hesabu kutoka Tiwi aliyejua kuandika programu. Alikaa nayo kutwa. "Kasoro naiona," aliwaambia, "lakini siifikii. Imefungwa." Basi wakarudi kwenye madaftari, na Bi Mwanakombo akabeba kisanduku cha chanjo akawafuata watoto nyumba kwa nyumba, hadi Funzi kwenyewe. Alhamdulillahi, hakuna aliyeugua. Lakini angeweza kuugua mmoja, na hilo silisahau.

Mwalimu Juma alikuwa amewahi kuiona ile programu kabla haijafasiriwa. Akaitafuta, akaichapisha leseni yake, akamwachia Bi Mwanakombo.

Miye nikarudi nyumbani kwa Idi, nimejipamba, nikapita zahanati kusalimia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karibu. Hebu tusomee hii."

Nikasoma, wauguzi wote wanasikiliza. Nilipofika kwenye "haki hizi hizi" nikaishusha karatasi.

"Hao watu hawakujui, na wakakuamini," alisema Bi Mwanakombo, taratibu kabisa. "Sisi tumekupokea wewe siku unazaliwa, humu humu. Mbona ukatunyima?"

"Nilidhani kwa kuwa ni ya bure, haina mwenyewe."

"Ina wenyewe, na wametaja sharti lao. Na sisi tulikuwa na haki yetu, hata hukutuambia kama tunayo."

Alasiri hiyo nilimkabidhi Mwalimu Juma msimbo wote, akaisahihisha ile tarehe kabla chai haijapoa. Leseni nikairudisha mahali pake, na majina pia. Nikawaandikia wale waandishi kuwaomba radhi. Mmoja alinijibu, wala hakunikaripia: aliniomba tafsiri yangu, wakaiingiza kwenye programu yao, na jina langu wakaliweka chini ya yao. Leo inatumika kwenye zahanati nisizozijua. Jina lile dogo lanipa fahari kuliko ukurasa mzima niliojipa.

Kwa hiyo, mwanangu, unapochukua kazi ya mtu mtandaoni, isome leseni kabla hujabofya kukubali. Jua umeruhusiwa nini, na umeombwa nini. Walioandika wataje. Ukirekebisha, sema ulichorekebisha, ili makosa yako yaonekane na yapate wa kuyasahihisha. Kama ningelifanya hivyo, yule mama wa Funzi asingelilia. Na ukiwa wewe ndiye mtumiaji, usione haya kudai msimbo pale leseni inapokupa. Hiyo ni haki yako, hukufanyiwa hisani. Asikutishe fundi yeyote kwa maneno magumu. Mimi nilikuwa fundi, nayajua.

Mungu akupe elimu yenye manufaa na mkono usiobana. Akujaalie kazi ambayo watu wataifungua na kuikuta safi, na wakilitaja jina lako, walitaje kwa dua njema. Amina.