Shati la Korea, Miguu ya Heri

Ninyi wa rika langu, mliokua mkitembea bila viatu kwenye mchanga wa Uvira mpaka nyayo zikawa ngumu kama ngozi ya ng'ombe, leo nina neno. Nimeona kitu kwenye tele na mpaka sasa kifua hakijatulia. Mimi si mtu wa kulia kwa ajili ya picha. Nimezika mume, nimezika kaka, nimekimbia vita na sufuria kichwani na nikarudi na sufuria ileile. Lakini Jumapili hii watu wa Korea wamenipiga.

Hapa kwetu Kimanga wajukuu wananiita Tate. Mkubwa wao ni Neema, anamaliza masomo mwaka huu, na kazi yake kubwa, ukiondoa kujipaka mafuta ya midomo, ni kuangalia seri za Korea, zile hadithi za tele za vipande vipande. Anazileta ndani ya kadude kadogo kama kidole, anakachomeka nyuma ya tele, basi nyumba nzima inahamia Korea. Wale watu wanaongea Kifaransa ambacho si cha midomo yao: mdomo unafunga, sauti inaendelea. Neema ananieleza. Amejifunza hata kuinamisha kichwa kwa heshima kama wao. Nikimtuma maji hainamishi kitu.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru. Furaha, mke wa mwanangu, mama yake Neema, alikaa kwenye mkeka akichagua mchele wa Luberizi. Mimi kitini. Episodi ikaanza.

Kuna mama mjane anauza supu kando ya barabara. Ana mtoto mmoja wa kiume, kijana mwenye ngozi laini kama aliyezaliwa juzi. Huyo kijana amegombana na mwenzake kwenye ngazi, amemsukuma, mwenzake ameanguka na kufa. Polisi hawajui. Wamemkamata mlinzi wa nyumba ile, mzee mmoja wa kofia, kwa sababu alikuwa karibu na hana wa kumsemea. Sasa yule mama anaona damu kwenye shati la mwanawe. Nikasema moyoni, haya, atamshika mkono waende. Hapana! Alichukua beseni. Akatia sabuni. Akasugua lile shati huku analia, na muziki unalia pamoja naye. Akalianika. Polisi walipobisha, alifungua mlango, akainamisha kichwa vizuri, akasema, mwanangu alikuwa hapa, tulikuwa tunakula. Wakatuonyesha yule mzee ndani ya gereza anaangalia ukuta, kidogo tu, kisha wakarudi kwa mama anamkumbatia mtoto wake.

Nikageuka nimuulize Neema kama nimeelewa vizuri. Neema alikuwa analia. Nikamwangalia Furaha. Naye machozi yanadondoka kwenye mchele.

"Munalia nini?"

"Tate, ni mama!" Neema akasema. "Angalia vile anamupenda mutoto wake."

"Na ule muzee wa kofia? Yeye hakuzaliwa na mama?"

"Aa, ule ni wa kupita tu. Hata jina hawakumupa."

Hata jina! Nilitafuta kiatu changu kwa mguu, nikirushe. Ndipo Furaha, bila kuinua kichwa, akasema polepole:

"Mama, hata minye ningefua."

Hapo ndipo nilishtuka kabisa: hata yeye angefua shati lile! Ya Korea ni ya Korea. Lakini hii imesemwa kwenye mkeka wangu, na mtu anayepika chakula changu, mbele ya binti anayesikiliza.

"Neema, zima hiyo tele."

"Tate, imebaki kidogo tu..."

"Zima! Minye pia iko na episodi yangu."

Nikawaambia haya ninayowasimulia hapa, na ninyi mliokuwepo mtanisahihisha.

Mnakumbuka ule mchanga ulivyokuwa mpana. Asubuhi mitumbwi inarudi, wanaume macho mekundu kwa moshi wa taa, na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, zinamwagwa chini kama mtu amemwaga jua. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuzisambaza na kufukuza kunguru. Kila mmoja na fimbo yake. Saa sita mchanga unaunguza mpaka tunarukaruka kama tunacheza ngoma, tunakimbilia majini, tunapoa, tunarudi. Tukisikia njaa tunaokota ndagala iliyokauka nusu, tunaipangusa kwenye nguo, tunaila na mchanga wake, kra kra kwenye meno. Hakuna aliyeugua. Leo Neema akiona jani dogo la nyanya limeshika kwenye sahani anaita mama yake.

Wavulana walikuwa na mpira wa majani ya migomba na manati zao. Masomo mimi niliacha mapema. Nilijua kuandika jina langu, na walisema kwa msichana inatosha. Mtu mzima yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, na ukifika nyumbani ukalalamika unaongezewa. Mama yetu alikuwa na maneno yake: "Nitakuchapa mpaka ukumbuke jina la babu yako ambaye hukumuona!" Na mvua ilipotupa tone la kwanza, kila aliye karibu aliokota ndagala zilizo karibu naye, ziwe za yeyote. Hukuulizwa. Zikipata maji zimeoza, basi unaokota, unafunika, mwenyewe atazikuta. Ndivyo tuliishi.

Kaka yangu Heri alinitangulia kidogo. Alikuwa na jicho la manati: akisema ndege yule, ni ndege yule. Kuoga ilikuwa vita. Mama alimkamata kwa sikio kila jioni amtie miguu ndani ya maji, na yeye analia kama anachinjwa.

Basi siku moja, jua bado liko juu, nilikuwa nyumbani napeta unga na mama. Heri akaingia. Hakukimbia. Akachukua maji, akaketi kwenye jiwe, akaosha miguu. Akaisugua katikati ya vidole. Kisha akauliza, "Mama, nikuletee kuni?"

Mama akaweka ungo chini.

Mapolisi wa Korea wana mashini za kuangalia unywele mmoja na kujua ni wa nani. Mama yetu alikuwa na macho mawili. Aliangalia ile miguu misafi, akasimama.

"Heri. Umefanya nini?"

Akaificha miguu nyuma ya jiwe. Na wakati huo tulikuwa tumeanza kusikia kelele kutoka mchangani, sauti ya mwanamke, halafu sauti nyingi za wanaume. Mama akauliza mara moja tu zaidi, na Heri akasema: alikusudia kunguru, jiwe likapita, likampiga Kashindi kwenye jicho. Kashindi, mtoto wa jirani, rafiki yake wa kila siku. Heri alikuwa nyuma ya mtumbwi uliogeuzwa, hakuna aliyemwona, akakimbia.

Mama hakumchapa. Afadhali angemchapa. Alijifunga kikwembe vizuri, akamshika mkono pale juu ya kiganja, wakaenda. Nikawafuata.

Mchangani watu walikuwa duara. Mama Kashindi alikuwa chini, kichwa cha mtoto kwenye mapaja, kitambaa kimelowa damu. Na katikati ya duara wamemkalisha kijana wa milimani, mmoja wa wale waliokuwa wanashuka kutoka Lemera na vikapu vya maharage. Mikono yake ilifungwa na kamba ya wavu. Maharage yake yalimwagika mchangani, watu wanayakanyaga. Mtu alisema alimuona ameinama kuokota jiwe. Labda aliinama kuegemeza kikapu chake, nani ajuaye. Hakuwa na ndugu pale. Baba Kashindi alisimama juu yake, kasia mkononi, mishipa ya shingo imetoka.

Mimi nilimjua Baba Kashindi. Mkono wake mmoja uliweza kusukuma mtumbwi. Nikaona kasia, nikamuona kaka yangu, mwili kidogo hivi, nikashika kikwembe cha mama nimrudishe nyuma. Alinivuta pamoja na kikwembe, akaingia katikati ya duara.

"Mufungue huyu muntu," akasema. "Mukono wenyewe ni huu."

Akainua mkono wa Heri juu.

Wenzangu, duara zima liligeuka kumwangalia. Hata kunguru walikuwa wanakula ndagala na hakuna aliyewafukuza. Baba Kashindi alimgeukia Heri, na kasia likapanda.

Mama akanyoosha mkono wake mwingine, ule usiomshika mtoto, akauweka sambamba na wa Heri, mbele ya kasia.

"Kama ni kufunga, funga yote miwili. Kama ni kupiga, huu ndio ulimulisha. Anza nao."

Baba Kashindi alipumua kama ng'ombe. Alimtazama mama, akatazama ile mikono. Kisha akatupa kasia mbali, akaenda kujitazamia ziwa, mgongo kwetu, mabega yanapanda na kushuka.

Mama hakungoja asante wala msamaha. Alipiga magoti kwa yule kijana, akahangaika na kamba, ile ya wavu ikilowa haifunguki upesi, akaing'ata kwa meno. Huku anafungua anamuuliza:

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Byamungu."

"Byamungu, utakula kwetu leo."

Tuliokota maharage yake, mimi, Heri, na watu walewale waliokuwa wanayakanyaga. Nyumbani Heri ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa. Kamba ilikuwa imeacha alama kwenye mikono ya Byamungu, na Heri alimimina maji juu ya zile alama bila kuinua macho. Baadaye Byamungu akishuka kutoka Lemera alikuwa anapita mlangoni kwetu, anaacha viazi kidogo, anaenda. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Na Heri? Hakuna aliyesema yameisha. Kwetu ilikuwa hivi: umemuumiza mtoto wa watu, basi kazi ya nyumba ile ni yako mpaka apone, na husubiri kuitikiwa. Kila asubuhi Heri alimchotea Mama Kashindi maji. Alipanda mlimani kutafuta kuni zake. Alikaa na Kashindi kivulini, akimfukuzia nzi kwenye jicho. Alisalimu, Mama Kashindi hakuitika. Alitua ndoo, hakuitika. Mama yetu naye alimwambia, "Kesho utaenda tena." Hakuongeza kitu, na hatukumuona akilia, mpaka sisi watoto tukaanza kufikiri moyo wake ni wa jiwe.

Mpaka siku ile Heri aliporudi na kitu ndani ya shati. Alikitoa: nusu ya muhogo wa kuchoma, bado una moto. Mama Kashindi alikuwa amempa, bila neno. Alikula nusu, nusu akamletea mama aone. Mama aliushika ule muhogo, akazunguka nyuma ya nyumba, na tukamsikia huko akipenga kamasi kwa muda mrefu.

Jicho la Kashindi halikupona vizuri. Lilibaki na weupe, na upande wa kushoto haoni. Walipokuwa wanaume walivua kwenye mtumbwi mmoja, na Heri alikaa kushoto siku zote. Tulipomzika Heri, Kashindi, mvi kichwa kizima, alisimama kando ya kaburi akaniuliza: "Sasa ni nani atanionyesha huku?" Akapiga hewa ya kushoto kwa mkono.

Nilipomaliza, mchele ulikuwa bado haujachaguliwa. Furaha alisema tu, "Mama, zile zilikuwa siku zenu." Akachukua sinia akaenda jikoni.

Ni kweli, zilikuwa zetu. Ule mchanga leo siwezi hata kuwaonyesha. Ziwa limepanda, limekula nyumba, na pale aliposimama mama yangu leo kuna maji na paa la mtu linachungulia. Ndagala zinaanikwa juu ya vitanda vya wavu, kila mama analinda zake, na tone la mvua likianguka kila mtu anajua zake ni zipi. Siku hizi mtoto akivunja kitu cha watu, mama anatoka na sauti kubwa kumtetea kabla hajauliza. Tunasema ni mapenzi. Labda. Na mama yangu sijui basi tumuite nani.

Asubuhi ya leo niliamka nikasikia maji nje. Neema ameinama, anaosha vyombo vyote vya jana. Hakuna aliyemtuma. Roho yangu iliruka.

"Neema! Umefanya nini?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Tate, hakuna! Naapa!" Mimi nilimwangalia miguu. Ilikuwa na vumbi, nikatulia kidogo. Kisha akawa anazungusha kitambaa ndani ya sufuria palepale.

"Tate. Kama siku moja ningefanya... weye ungenipeleka?"

"Ningekupeleka."

"Hata kama unaniona nalia?"

"Hata hivyo. Na mukono wangu karibu ya wako."

Neema akainama, akaosha ile sufuria ya bugali mpaka chini kabisa, pale panapounguaga, ambapo siku zote anapaachaga.