Pua ya Shemeji Yangu

Shemeji yangu tulimwita Pua, na si kwa ukubwa. Kwa ukubwa yangu inamshinda, kama ninavyomshinda kwa sura. Jina alilipata gereji. Gari likivujisha maji ya rejeta pasipoonekana, mafundi wengine wanafungua nusu ya injini. Yeye anafumba macho, ananusa. Yale maji ya kijani yakipata moto yana harufu tamu, kama sukari inayoanza kushika sufuria. Pua anaifuata, anaifuata, halafu anaweka kidole: "Hapa." Na kweli panakuwa hapo.

Mimi ni fundi umeme wa gereji hiyo hiyo, bora kuliko wote. Shule niliiacha mapema ili nisiwatie walimu aibu.

Pua ndiye aliyemuoa dada yangu. Dada alikufa msimu wa mvua uliopita, moyo ulisimama akiwa anachambua mchele. Nguo za marehemu Pua alizigawa, akabakiza gauni moja la bluu la kulalia. Akalifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Kila asubuhi anafungua kidogo, ananusa, anafunga haraka, kama mtu anayebana matumizi.

"Shemeji," nikamtania, "utamvuta dada yangu mpaka aishe."

"Ndiyo kitu pekee ninachoogopa," akasema. Hakucheka.

Halafu akaugua mafua, yale ya kulaza mtu chini. Alipoinuka akaja kwangu uso umemshuka. "Ameisha," akaniambia. "Nimenusa kwapa, nimenusa shingo, hamna kitu. Ni kitambaa tu." Akavumilia siku kadhaa, akijaribu na kujaribu. Mwisho akalifua gauni, akalianika, akasimama pale kwenye kamba analia. "Sasa ndiyo amekufa kweli."

Ndipo likaja gari la mkunga wa mtaani, kuukuu, rangi imeungua na jua. Kila siku analijaza maji, na chini halidondoshi hata tone.

"Linakunywa kuliko mume wangu," mkunga akasema. "Ila mume wangu naona yanakotokea!"

Pua akalishughulikia. Kifuniko cha rejeta kizima, mipira ya maji mizima, pampu kavu. Akachomoa kijiti cha oili: oili haijageuka rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayaingii ndani ya injini. Moshi wa nyuma hauna weupe. Akatandika boksi kavu uvunguni, akaacha injini ingurume. Boksi likabaki kavu. Basi akaingia ndani ya gari, akapandisha vioo, akawasha hita, akafumba macho.

Akatoka. "Humu hamna kitu. Itabidi nishushe injini. Chomoa nyaya zako."

Nilipofungua mlango tu, harufu ikanipiga usoni.

"Wee shemeji, unanifanyia mzaha? Humu kunanuka kama duka la pipi!"

"Acha utani."

"Njoo!" Kioo cha mbele, kwa ndani, kilikuwa na utando wa mafutamafuta. Nikabonyeza zulia la abiria, likatoa maji. Ni rejeta ndogo ya hita, ile iliyojificha nyuma ya deshibodi, iliyokuwa inavujia ndani. Nikapiga kifua. "Leo nimempiku Pua! Mkunga, wewe ni shahidi!"

Pua akachovya kidole kwenye zulia, akakipeleka puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Akaokota tambara la petroli, akajifunika nalo uso mzima, mimi niliyesimama pembeni macho yananichoma.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Petroli, shemeji."

"Sisikii harufu yake."

"Labda ni yale mafua..." Mdomo wangu kama kawaida ukaitangulia akili.

Akanitazama. "Kwa hiyo lile gauni," akasema, na hakumaliza. Akakaa chini kwenye oili, na suruali yake safi.

Mkunga, asiyejua lolote, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani gari langu ndiyo haliponi?"

"Linapona, mama," Pua akajibu. Akainuka, akachomoa mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe ili maji yazunguke injini tu. Akamwambia atumie bila hita mpaka ipatikane nyingine. Mikono inafanya kazi, mwenyewe hayupo.

Jioni akanipeleka kwake. Gauni lilikuwa limekunjwa kitandani, upande wa dada.

"Wewe unasikia harufu. Nusa."

Nikanusa shingoni. Nikanusa kwapani.

"Taratibu. Kwenye mshono, huko maji hayafiki vizuri."

Nikanusa mshono mpaka nikaishiwa pumzi. Nimedanganya watu wengi maishani, na kwa ustadi, lakini huyu ni dada yangu na huyu ni mume wake.

"Sabuni, shemeji."

"Sabuni tu?"

"Sabuni tu."

Akalichukua, akalipakata. "Alikuwepo," akasema. "Nilimfua akiwepo."

Kisha akasema, "Mmelala mkeka mmoja utoto wote. Niambie alikuwa ananukiaje. Nami mwenyewe naanza kusahau."

Nikafungua mdomo, mdomo huu usiokosa la kusema. Nikatafuta. Harufu ya dada nilikuwa nimeishi nayo tangu nizaliwe, na sikuwahi hata siku moja kuinusa. Pua alikuwa ananisubiri, amenikazia macho.