Mota ya Redio ya Baba

Sijui nani alimdanganya mwalimu wetu wa fizikia kwamba sisi wasichana wa bweni pale Korogwe tunaweza kutengeneza roboti. Chuo kikuu kimoja Dar es Salaam kiliziita shule za sekondari kwenye mashindano, naye akajibu tunakwenda. Roboti yenyewe sasa! Kopo la rangi, magurudumu ya kandambili, betri za tochi. Kilichokosekana ni mota.

Mota nilijua ilipo. Ilikuwa nyumbani Misima, ndani ya redio kaseti ya baba, ile aliyoinunua enzi za ruksa, maduka yalipoanza kujaa. Kabla ya hapo hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Redio ile ilivikwa kitambaa cha kufuma, na sisi watoto tuliishia kuitazama tu. Likizo nikamwomba. Mama akashika kichwa. Baba akaivua redio kitambaa chake, kisha akaleta bisibisi mwenyewe. "Irudi nzima," akasema. Basi.

Shuleni tulifanyia mazoezi kwenye udongo wa uwanja wa netiboli, na roboti ikasukuma mpira wa makaratasi mpaka tukaimba. Kule chuoni, weee! Sakafu inang'aa mpaka unaona meno yako. Kuwasha tu, kandambili zikateleza. Magurudumu yanazunguka, roboti imesimama palepale. Ukumbi mzima ukacheka. Wenzangu wakapiga kelele, "Iache, iache, itashika!" Na kweli ikaanza kusogea, kidogo kidogo, kuelekea mstari. Lakini mota nayo ilishaanza kunuka kuungua. Nikamkumbuka baba na bisibisi yake. Nikaizima. Tukatoka mikono mitupu, na wenzangu wakaninunia njia nzima hadi Korogwe.

Baba hakuuliza mengi, akairudisha mota mahali pake. Tangu hapo redio ikawa inaimba kwa kuvuta, waimbaji wote kama wana usingizi. Majirani wakicheka, anawakata kauli: "Mota hii imefika chuo kikuu. Wewe umefika wapi?" Jamani, tulivyokuwa tunacheka! Mpaka leo nyimbo zile nikizisikia zikiimbwa sawasawa, naziona zina haraka.

Miaka ilipita kabla sijamweleza kwa nini tulishindwa. Alikuwa anageuza kaseti. Hakuniangalia.

"Ungeiacha iungue, mwanangu," akasema. "Redio zinauzwa."