Bibi Harusi Asiyecheka

Shangazi yangu alikodisha magauni ya harusi mjini Gisenyi, karibu na mpaka, na wateja wengi walivuka kutoka Goma. Mwishoni mwa miaka ya tisini alimleta mpiga video wa harusi atengeneze kaseti ya kutangaza duka, akanivika mimi gauni. Asubuhi ile nilikuwa nimemwomba anirudishe shuleni, kule Nyundo, naye akaendelea kupiga pasi magauni.

"Cheka kidogo, mademoiselle," mpiga video alinisihi. "Watu wa Goma wanapenda furaha."

"Acha!" shangazi alifoka. "Bibi harusi anacheka siku ya kuacha mama yake? Watasema alikuwa na haraka ya bwana. We, fikiria kitu ya kukuumiza."

Sikuhitaji kutafuta mbali. Niliiwaza sare yangu ya shule, machozi yakanitiririka hadi kwenye lesi.

Kaseti ilichezwa dukani mchana kutwa, na wasichana wakajaa. "Huyu analia kweli!" walisema, kisha wakataka niwavishe mimi mwenyewe.

Muhula ulipofunguliwa, nilimwomba tena.

"Bon, we ukienda, wateja watamuona nani?" aliuliza, akinikabidhi pini.

Msichana mwingine alikuwa anangoja mbele ya kioo. Nikapiga magoti, nikaanza kumkunjia pindo.