Giza Ninalouza Salale

Nilitoka nyumbani Mtawanya kwa sababu sikutaka kuhamishwa kama godoro. Binti yangu alishaniletea salamu kutoka Dar: "Mama, hiyo biashara ya nyota isiposhika safari hii, funga nyumba uje ukae nasi." Tangu baba yao afe nalala peke yangu, lakini nalala kwangu. Siku hizi biashara ni ruksa. Wenzangu wanauza mitumba, mimi nauza giza: mwezi ukifa nawapeleka wageni deltani, Salale, wakaone nyota.

Asubuhi, Kibiti. Mgeni alikuwa mmoja, Mama Greta, Mzungu aliyewahi kufundisha Tanga, Kiswahili anacho. Kampuni ya watalii ilimtuma kunipima. Akiridhika, wageni wangekuja kwangu kila mwezi.

Saa nane mchana, Nyamisati, barabara inapoishia majini. Nahodha wetu, Mbonde wa Salale, akanipokea mzigo.

"Shikamoo Bibi. Umeleta mmoja tu? Nyota zitamtosha?"

"Marahaba. Piga kasia, mdomo upumzike."

Magharibi tulikuwa ndani ya kijito, mikoko huku na huku. Nyota zikaanza kutoka. Mbonde akatazama maji.

"Bibi, leo bamvua. Maji yanajaa sana, yanakauka sana. Turudi, tusije tukalala topeni."

Mimi mtu wa shamba. Mwezi naujua kwa giza lake, si kwa maji yake. Ningeuliza. Badala yake nikamwambia, "Nimeona miezi kabla mama yako hajavunja ungo. Kilimia bado. Tungoje."

Kilimia kikapanda. Nikamwonyesha Greta zile nyota ndogo zilizosongamana, ambazo wazee wetu walizitazama kabla ya kushika jembe. Akalala chali azitazame, nikajua nimempata. Ndipo mtumbwi ukalala ubavu.

Saa nne usiku kijito kilikuwa tope tupu linalonuka mayai viza, na mbu wakatufanya karamu. Greta akauliza, "Nani alisema tungoje? Nilikuwa sisikilizi."

Mbonde akainamisha kichwa. "Mimi, mama. Nilikosea saa."

Alinistahi utu uzima wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa kimya. Tulikuwa watatu mtumbwini, magoti yanagusana, na sijawahi kuwa mpweke vile, hata siku ya kumzika mume wangu.

Alfajiri, Nyamisati. Maji yalikuwa yamerudi yakatuinua. Greta akanishika mkono.

"Bibi, mbingu zako nzuri mno. Wageni nitawaleta. Lakini nahodha huyu hapana. Nitawaambia na wenzangu wasimchukue."

Mbonde alikuwa akifunga kamba hatua mbili tu. Alisikia, akaendelea kufunga.

"Muongo huyo," nikasema. "Yeye alitaka turudi. Aliyekataa ni mimi."

"Mbona hukusema jana?"

"Kiburi."

Greta akatazama maji, kisha akasema taratibu, "Basi wageni nitawaleta kwake moja kwa moja."

"Lakini Bibi..." Mbonde akaanza.

"Nyamaza. Jana umesema ya kutosha. Wafundishe Kilimia, tena usikosee."

Jioni, Mtawanya. Hakuna aliyeuliza nimetoka wapi. Katika safari ile nilijifunza kwamba mtu mzima anaweza kujificha nyuma ya adabu ya mtoto wa mwenzie, na mafichoni huko ni kubaya kuliko topeni. Kesho napanda basi. Dar, nasikia, taa zinawaka usiku kucha, mtu hajui mwezi umekufa lini.