Uboho wa Dada Mkubwa

Bi Pasi alikuwa na miaka sitini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza akinyoosha mashuka ya hospitali. Ndiko jina lilikotoka. Mdogo wake, fundi redio, ndiye kitindamimba ambaye Bi Pasi alimlea tangu mama yao afariki. Fundi alipoambiwa kwamba uboho wake umeacha kutengeneza damu na anahitaji wa ndugu, Bi Pasi hakungoja kuulizwa. Alikunja mkono wa gauni, akatolewa damu ya vipimo.

Baada ya wiki tatu daktari alimvutia kiti.

"Mama, mmelingana kabisa na mdogo wako. Ila uboho wako siwezi kuutumia."

"Kwani mimi naumwa?"

"Hapana, ni umri. Ujanani damu hutengenezwa na chembe mama maelfu, kila moja na uzao wake. Miaka ikienda, chache huzaana kupita wenzake. Kwako, karibu nusu ya damu inatokana na chembe moja tu, nayo ina hitilafu. Wazee wengi wako hivyo na wanaishi salama, wewe tutakufuatilia. Lakini kuipanda kwa mgonjwa ni kumtafutia balaa."

Bi Pasi akaguna. "Kumbe hata huko ndani yupo aliyejitwika kazi ya wote."

"Mdogo wako ana mtoto?"

Alikuwa na binti, ila mwaka wa tisa huo walikuwa hawasemeshani, tangu fundi alipomtelekeza mama wa binti huyo. "Msimguse," fundi alisema kitandani. "Heri nife na aibu yangu." Bi Pasi alikuwa amebishana naye tangu utotoni na pumzi zilikuwa zimemwishia. Alichukua mkoba, akatoka.

Binti alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, ghorofa ya nne. Bi Pasi alipumzika kila ghorofa, ameshika ukuta, miguu imemvimba.

"Shangazi, amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa."

"Sasa wewe kinakuleta nini?"

"Baba yako anahitaji uboho wa ndugu. Wangu wameukataa. Umezeeka." Hapo machozi yakamtoka, yeye ambaye siku ya majibu hakulia.

Binti alizima mashine, akafuta wino mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nitapimwa. Lakini usidhani nimemsamehe."

"Msamaha sijakuomba, mwanangu. Nimeomba uboho."

Binti na baba yake walilingana nusu tu, na daktari akasema inatosha. Baada ya kupandikizwa, ilipita miezi minne ya homa na vidonda vya mdomo kabla damu mpya haijaimarika. Binti alikuja kila Jumamosi. Alikaa karibu na mlango, akaulizia dawa, akaondoka. Mara moja tu alisogeza kiti.

Siku ya kuruhusiwa, fundi alimtazama dada yake akikunja shuka ambalo si kazi yake tena kulikunja.

"Dada, mbona hufurahi?"

"Nimechoka, baba. Furaha niachie kwanza nilale."

Akafunga mfuko wa nguo, wakakaa kitandani kumngoja binti aliyekwenda kutafuta teksi.